Asilimia Tatu

Asilimia tatu, amesema yule binti, Kincső,
bila kupepesa macho, kalamu juu ya mkataba.
Nami nikaenda kutafuta futi kamba.

Nyumba hii ni mita za mraba tisini na mbili.
Nikapiga hesabu mgongoni mwa bahasha:
asilimia tatu ni mita mbili na robo tatu,
yaani stoo ya jikoni, pamoja na mlango wake
na mitungi ya mama ya achari.
Nimpe hiyo? Au nimpe kile kipande cha korido
baba alipokuwa akivulia viatu vya mgodini?

Mimi Vendel, miaka thelathini na moja
nimesoma mita za gesi katika mji wa Pécs.
Nimepiga magoti chini ya sinki za mahakimu na za wajane.
Najua nani ana unyevu, nani ana nyufa,
nani amepaka rangi juzi, na ili kuficha nini.
Nani atanifundisha nyumba?
Dalali huuza maneno, nikasema, na maneno ninayo.

Dada yangu Piroska akapiga simu kutoka Graz:
"Mganga hajigangi, Vendel."
Nikamjibu: mwenye macho haambiwi tazama.
Akakata simu. Huwa hatuagani vizuri.

Basi nikaandika kibao mwenyewe, kwa rangi ya buluu,
nikakitundika dirishani.

Wa kwanza, mume na mke, walikuja na pimamaji.
Mume akagonga ukuta kwa vidole
kama daktari agongavyo kifua,
nami kabla hajauliza nikamwambia:
ufa huo ni wa mwaka ule ardhi ilipotitia juu ya mgodi,
na hapo, kando ya jiko la vigae,
baba alikohoa majira matatu ya baridi
mpaka kikohozi kikamaliza kazi yake.
Mke akatazama viatu vyake.
Waliaga kwa adabu, kama watu watokao matangani.

Wa pili alitaka kuukata mlozi apate pa kuegesha gari.
Nikamwambia nyumba haiuzwi.

Wa tatu alitaja nusu ya bei, na nusura nikubali,
kwa sababu aliokota lozi moja chini,
akaivunja kwa meno, akafumba macho.
Hiyo nayo ni asilimia ngapi?

Usiku nikafungua sanduku la karatasi:
hati ya kiwanja bado ina jina la mama,
deni la mfereji, sahihi ya jirani aliyekwisha kufa.
Mambo ambayo magoti yangu hayakunifundisha.

Nikampigia Kincső. Hakucheka.
"Bwana Vendel," akasema, "hunilipi kwa maneno.
Unanilipa ili awepo mtu wa kusema *chumba*
pale ambapo wewe utasema *baba*."

Alhamisi akafika saa nne kasorobo, kabla ya wageni,
akaniomba nikatembee kidogo.
Nilipokuwa natafuta kofia nikaona
kiti kikubwa kimesogezwa mbele ya ufa.
Hakuna uongo hapo. Kiti ni kiti.
Nikakirudisha mahali pake.
Tukatazamana, yeye na mimi,
na kengele ikalia.

Sikwenda kutembea. Nilizunguka nyuma ya nyumba,
nikapiga magoti kando ya ukuta,
nikasoma mita, kwa mazoea tu,
nikaandika namba kiganjani.
Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia akisema chumba,
na hiki ni chumba,
halafu akanyamaza kidogo, karibu na jiko la vigae,
akasema: huu hapa ni ufa.